Bundi Asiye na Mwangalizi

Ukimsalimu Mratibu asubuhi, alitazama simu kwanza ndipo akakujibu. Haikuwa dharau, alitaka uhakika. "Njema," angesema, "nyuzi kumi na nne, upepo wa kusini," halafu ndiyo akupe mkono. Nilifanya kazi chini yake miaka kadhaa hapa Johannesburg, na mpaka leo sijui alizaliwa pembe gani ya Kenya wala kwao ni watu gani. Hayo hakuyaingiza popote, na kwa kanuni yake mwenyewe kisichoingizwa hakipo.

Sisi wengine tumelelewa na ile ya lisemwalo lipo, kama halipo laja. Yeye aliifanyia marekebisho. "Lisemwalo halipo, Mama Neema," aliniambia siku yangu ya kwanza kazini, huku akinionyesha kiti, "mpaka liingizwe." Nikadhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Haukuwa utani.

Ofisi yetu ilikuwa Doornfontein, juu ya karakana ya kushona viti vya magari, kwa hiyo sayansi yetu tuliifanya kwa mlio wa cherehani. Kazi ilikuwa kuhesabu ndege walio hatarini kutoweka ndani ya ardhi ya jeshi, nje ya mji. Watu wakisikia hivyo hucheka, lakini akili imo. Mahali ambapo wanajeshi wanafyatua mizinga hakuna anayelima wala anayejenga, na ndege hawasomi vibao vya hatari. Jeshi lilitakiwa kujua nani anataga wapi kabla halijapitisha magari yake. Waangalizi wetu walitembea nyikani na simu mkononi, wakaingiza walichokiona kwenye programu aliyoitengeneza Mratibu mwenyewe. Aliiita Kifaa, kwa sauti ya mtu anayemtaja mwanawe wa kwanza. Mimi nilikagua kilichoingia, nikasahihisha makosa, na kuyaweka maswali katika Kiswahili ambacho mtu wa Lubumbashi na mtu wa Bujumbura wote wangekielewa.

Kifaa hakikuanzia kwenye ndege. Mratibu alikuwa amekitengeneza zamani kwa ajili ya utafiti wa kaya, ule wa kupita nyumba kwa nyumba, na kwa kuwa hakupenda kutupa kitu kinachofanya kazi, alibadilisha kichwa tu. Mwaka wa kwanza, basi, kila korongo aliulizwa idadi ya wanakaya, chanzo cha maji ya kunywa, na kiwango cha elimu cha mkuu wa kaya. Maswali yalikuwa ya lazima. Usipoyajibu, Kifaa hakikuruhusu kuendelea. Waangalizi walijibu kwa uaminifu. Katika kumbukumbu zetu za mwaka ule korongo wa buluu hawakusoma kabisa, isipokuwa mmoja ambaye Papa Ilunga alimwandikia sekondari, kwa maelezo kwamba alitembea kama mtu aliyefika mbali.

Papa Ilunga ndiye aliyekuwa mwangalizi wetu mkuu. Mtu wa Lubumbashi, shemasi wa kanisa letu la Waswahili, aliyewahi kulinda majengo ya Marshalltown kwa miaka mingi na kwa hiyo aliweza kukitazama kitu kisichosogea bila kuchoka. Simu yake aliishika mkewe. Kazini aliichukua, akirudi aliikabidhi, na Mama Ilunga aliisoma yote mbele ya wateja katika saluni yake ya kusuka, Jules Street, kule Malvern. Hilo la simu likumbukwe, maana ndilo lililotuponza.

Mratibu alivaa kizibao cha kaki chenye mifuko isiyo na idadi, na kila mfuko ulikuwa na betri ya akiba. Mgao wa umeme ulipotukamata, mji mzima ukazima na yeye akawaka. Alikuwa na waya wa kuchaji kila aina ya simu. Siku moja mama mmoja kanisani alizirai kwa joto, watu wakapiga kelele aletewe maji, na Mratibu akawa wa kwanza kufika pale akiwa na waya.

Wala usidhani alikuwa mtu wa ndege kwa maana ya kuwashika na kuwabusu. Ndege akiwa mbali, mwenye namba na mahali, Mratibu alimpenda. Ndege akiwa karibu alimtisha. Nyumbani kwa Papa Ilunga, kuku alipotoka chini ya meza, Mratibu alipanda kwenye kiti na kutoka kule juu akaendelea na mazungumzo kana kwamba ndivyo Wakenya wanavyokaa. Lakini mtu huyo huyo, siku moja kambini, aliona kiota cha ndege atagaye chini, mayai yako wazi katikati ya njia, na gari la deraya linakuja. Alisimama mbele ya gari akainua simu yake juu, akimwonyesha dereva ramani. Dereva hakuiona ramani. Aliona mzee wa Kikenya mwenye kizibao, akageuza gari akapita majanini. Mratibu aliporudi kwetu, kitu cha kwanza alichosema ni, "Ingizeni hayo mayai."

Kulikuwa na hili la lango pia. Kifaa hakikukubali ndege asiye na mahali, na jeshi halikukubali mahali popote ndani ya ardhi yake pajulikane nje. Walivutana wiki nzima. Mwishowe Kanali aliyesimamia mazingira, bwana mpole wa masharubu, akaruhusu mahali pamoja tu patajwe, pale ambapo hata mwizi anapajua: lango kuu. Kwa hiyo kila ndege aliyeonekana popote kwenye maelfu ya hekta aliandikwa langoni. Kwenye ramani yetu lango likawa pepo ya ndege. Wafadhili walikuja kuliona. Walisimama pale na darubini zao asubuhi yote, mlinzi wa lango akawaletea viti, na kitu pekee kilichotua kilikuwa njiwa. Hata hivyo waliandika ripoti nzuri, na baada ya muda ikaletwa alama ya barabarani ya kuwataka madereva wapunguze mwendo kwa ajili ya korongo. Mratibu aliona aibu, ingawa si sana. Ndipo ardhi ikagawanywa vitalu vyenye herufi, A mpaka M, na herufi jeshi lilizikubali kwa sababu herufi haimwambii adui kitu.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na huko pia alikipeleka Kifaa. Wahudumu wa mlangoni walimwingiza kila mtu aliyeingia. Mchungaji wetu alikuwa amezoea kusema "umati huu wa watu wa Mungu". Kifaa kikasema umati ule haujai nusu ya viti. Mchungaji hakufurahi, ila hakuna aliyebisha, maana Mratibu aliheshimiwa. Alikuwa msomi, alivaa tai, alifika kabla ya wakati, alimwita kila mwanamke Mama na kila mzee Mzee. Kila mtu alijua kwamba angependa kuwa mwenyekiti wa baraza la wazee, naye alikuwa haufichi upendo huo. Aliomba kwa sauti kubwa kidogo kuliko wengine uchaguzi ulipokaribia.

Na sasa tabia ya Kifaa aliyoionea fahari kuliko zote: kilipongeza. Mwangalizi akiingiza ndege adimu, simu za waangalizi wote zililia palepale: Hongera! Fulani ameona korongo wa buluu! Jina lote, la kwake na la baba, saa na kitalu. "Kinachopongezwa hurudiwa," alisema Mratibu, na alikuwa na haki. Papa Ilunga alitembea kutwa juani kwa ajili ya neno lile. Mama Ilunga alilisoma saluni kwa sauti, wanawake wakapiga vigelegele na vitana vichwani. Jina la mumewe lilikaa pembeni ya ndege mzuri, na mtaa mzima wa Jules ukajua.

Halafu kukawa na bundi.

Kitalu H kilikuwa bonde la majimaji lenye majani marefu, na humo wanaishi bundi wa nyasi. Hawa hawakai mtini. Wanataga chini, katika vichochoro walivyovikanyaga ndani ya majani, na giza likianza kuingia ndipo wanapoinuka. Wamebaki wachache, hata wataalamu wakiwataja hushusha sauti. Jeshi lililitaka bonde lile lisawazishwe, wafundishiwe humo madereva wa magari ya deraya. Kanali aliweka sharti, na lilikuwa la haki: msimu wa kutaga ukipita bila bundi kuonekana katika kumbukumbu, greda litaingia.

Msimu ulikuwa unakaribia kwisha, na katika kumbukumbu hapakuwa na bundi hata mmoja. Korongo walikuwepo, tandawala walikuwepo, hata njiwa wa langoni. Bundi hapana.

Sababu niliijua, na kila mtu pale ofisini aliijua. Hebu jifikirie. Jioni, porini, peke yako. Jina lako na la baba yako, pembeni yake bundi, pembeni yake saa. Kisha Hongera. Kwetu sote, tulikotoka, mtu anayekutana na bundi jioni porini haitwi mwangalizi.

Mratibu alimwita Papa Ilunga ofisini, mimi nikiwepo.

"Papa Ilunga, hebu niambie ukweli. Kitalu H hakuna bundi?"

"Iko, Mzee. Iko mbili. Minaonaka bao kila mangaribi."

"Kama unawaona kila jioni, si uingize!"

"Hapana, Mzee. Ile ndege ni ya bachawi. Jina yangu ikae na ile ndege, na saa, na Hongera? Bibi yangu atasoma pa salon, mbele ya bamama bote. Mimi niko shemasi, Mzee."

"Wacha hizo. Huo ni ushirikina tu. Bundi ni ndege kama kuku."

Mfano huo haukumsaidia, maana Papa Ilunga alikuwa amemwona juu ya kiti.

"Bon," Papa Ilunga akasema. "Mzee aandike, basi."

Mratibu alikohoa. Akapapasa mifuko ya kizibao chake, mmoja baada ya mwingine. "Mratibu haingizi," alisema mwishowe. "Mratibu anathibitisha."

Mganga hajigangi. Mwaka ule ule bundi mmoja wa mjini, wa wale wakubwa wenye masikio, alitua kwenye dirisha la ofisi yetu mchana kweupe akatukodolea macho. Mratibu alituhubiria dakika nzima juu ya usawa wa viumbe, kisha akamwomba Papa Ilunga atuongoze katika sala fupi, na wiki iliyofuata meza yake ilikuwa imehamia ukuta wa pili. Alisema ni kwa sababu ya mwanga.

Baada ya kushindwa na Papa Ilunga akanigeukia mimi. Nilijua linakuja.

"Mama Neema," akaanza taratibu, "wewe si ni wa Tanga?"

"Ndiyo, Mzee. Muheza."

"Ati huko kwenu watu wamezoea."

"Wamezoea nini?"

"Si unajua."

"Sijui, Mzee. Kwetu tunalima machungwa. Liingize unalotaka kusema, nilione."

Mtu wa Tanga akienda popote penye Waswahili husubiri dakika tano tu kabla hajataniwa kwa uchawi; ukikohoa wanasema umetuma kitu. Nimezoea utani, na najitania mwenyewe. Lakini kutaniwa Tanga ni jambo moja, na kuandikwa Tanga na bundi kwenye simu ya Mama Ilunga ni jingine. Na nitasema wazi kwa nini, maana mtu aliye mbali anaweza kuona ni upuuzi. Kuna siku Malvern maduka yanafungwa kwa haraka na vijana wenye marungu wanateremka Jules Street wakitafuta wageni. Siku hiyo huulizi polisi. Saluni ya Mama Ilunga ina mlango wa nyuma, unaotokea kichochoroni, na mara moja alitusukuma humo wanawake saba na watoto wetu, akakaa mbele peke yake akijifanya anafagia nywele. Mlango ule ndiyo serikali yangu hapa. Mwanamke aitwaye mchawi hafunguliwi mlango wa nyuma. Nilimwambia Mratibu hivyo hivyo, na nilikuwa na hasira.

"Basi ondoa jina," nikasema. "Liandikwe bundi ameonekana, basi."

"Taarifa isiyo na mwenyewe ni umbea."

"Zima pongezi, basi. Kwa bundi tu."

Alifikiri kidogo. "Nikizima kwa bundi, nitakuwa nimekubali kwamba bundi ni aibu."

"Si ndivyo unavyoamini?"

Alitazama simu, akaniambia upepo umegeuka.

Kanali alituita kambini siku chache kabla ya mwisho wa msimu. Greda lilikuwa limeshaegeshwa pale, la njano, jipya. Mratibu alijaribu kueleza kwamba bundi wapo, ila kuna ugumu wa kitamaduni katika uingizaji. Kanali alimsikiliza hadi mwisho, tena kwa adabu, akamimina chai. "Bwana Mratibu," akasema, "mwaka wote huu umekuwa ukinifundisha. Kisichoingizwa hakipo." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa mwanafunzi mzuri.

Njia ya kurudi Mratibu ndiye aliyeendesha. Tulipofika kwenye robot, kama tunavyoziita huku taa za barabarani, ikawa kijani, yeye ametulia tu, mpaka teksi za nyuma zikapiga honi na kututukana kwa Kizulu. "Eish," alisema Papa Ilunga kiti cha nyuma, polepole, kama mtu aliyepo msibani.

Uchaguzi wa wazee ulikuwa Jumapili ile. Jumamosi jioni nilikuwa napika, simu ikalia. Hongera! Halafu likafuata jina la Mratibu, majina yake yote matatu, nililiona kamili kwa mara ya kwanza. Ameona bundi wa nyasi. Wawili. Kitalu H. Saa kumi na mbili na robo jioni. Nilizima jiko nikakaa chini. Simu ya Papa Ilunga ilikuwa saluni, na Jumamosi ndiyo siku wanawake wote wa kanisa wanasukwa.

Mratibu alipata kura mbili. Moja, nadhani, ya mkewe, na ya pili ni yangu. Alasiri wazee walimwita wamsaili, na mlango haukufungwa vizuri.

"Ulikuwa unafanya nini porini na bundi, jioni?"

"Kazi."

"Kazi gani inafanywa na bundi?"

"Namhesabu."

"Ili iweje?"

Akawaeleza habari za greda, za bonde, za mayai yaliyo chini. Aliwaeleza kwa takwimu. Walimsikiliza, kisha wakamwekea mikono wakamwombea kwa muda mrefu sana, naye akapiga magoti na kizibao chake akavumilia, betri zikigongana mifukoni. Walipomaliza waliomba pia Kifaa kiondolewe mlangoni. Jumapili iliyofuata Mchungaji alisema umati, na hakuna aliyempinga. Mratibu alikaa benchi la nyuma kabisa. Watu walimpa mkono haraka haraka, wakaenda kunawa.

Kitalu H kiliokoka msimu ule. Kanali alikizungushia vigingi vyeupe, greda likaondoka. Ila alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema jina moja, tena la mwenye mradi, halitoshi kwa wakubwa wake. Msimu ujao alitaka jina la pili, la mtu mwingine, la sivyo bonde litasawazishwa.

Kabla ya msimu huo wafadhili waliondoka, wakaenda kuhesabu vipepeo nchi nyingine. Ofisi ilifungwa. Waangalizi walirudi kulinda majengo, na mimi nikapata kazi ya ukarani katika kampuni ya mizigo huko Marshalltown, kazi isiyo na manyoya. Nilisikia kwamba Mratibu bado anakwenda kambini kwa gari lake mwenyewe, na kwamba Kanali bado anamruhusu. Kifaa kilikuwa bado kinafanya kazi. Sikukifuta kwenye simu, na Papa Ilunga hakukifuta pia. Kila baada ya muda kililia: Hongera, na majina yale matatu. Nilipoona hivyo nilijisikia vibaya, nikaweka simu mfukoni.

Msimu huo, mwisho wa kiangazi cha mwaka 2019, nilikuwa kwa Mama Ilunga nasukwa. Alikuwa amemaliza upande wa kulia, wa kushoto nywele zimesimama. Saluni imejaa. Mratibu akapita nje, kwenye Jules Street, na kizibao chake. Kilikuwa kimepauka na mifuko mingine ilikuwa imechanika. Alisimama mlangoni akainua mkono.

"Hamjambo, akina Mama?"

Nyuzi ngapi hakusema. Hakuna aliyejibu. Mama Ilunga alinong'ona, "Yesu," akapandisha redio. Mratibu aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemshukuru mwenyeji, akaendelea na safari. Nikasimama.

"Mama Neema! Kichwa nusu?" akasema Mama Ilunga.

"Narudi."

Nilimkuta mbele ya duka la vipuri. Tuliamkiana. Akaniuliza Neema yuko darasa la ngapi, kazi mpya ikoje, kama kampuni ya mizigo inatunza kumbukumbu vizuri. Aliitazama nusu ya kichwa changu asiulize. Akaniambia habari ya betri mpya inayochajiwa na jua. Aliniambia kila kitu isipokuwa kile kimoja, na mimi yakanifika shingoni.

"Kitalu H kikoje, Mzee?"

"Mwisho wa mwezi ndiyo msimu unafungwa."

"Na jina la pili?"

"Sijapata."

"Umemwomba nani?"

"Sijaomba mtu." Alitazama barabara. "Ile mara ya kwanza nilikuomba vibaya sana, Mama Neema. Hiyo ya Tanga. Mtu hawezi kumwomba mwingine jina lake, na mimi langu lilinichukua mwaka mzima kulitoa."

"Gari liko wapi?"

"Hapo kwa robot. Kwa nini?"

"Twende kabla sijabadili mawazo."

Langoni alama ya korongo ilikuwa bado imesimama, na mlinzi alituinulia kizuizi bila kuuliza. Tulikaa kwenye ukingo wa bonde, nyuma ya kigingi cheupe, jua likizama. Mratibu hakutazama simu. Nilikuwa naogopa, nisikudanganye; nywele za upande wangu usiosukwa zilikuwa zimesimama kuliko kawaida. Kisha mmoja akainuka majanini bila sauti yoyote, uso wake mweupe, miguu mirefu inaning'inia. Akatupita. Akatua, na pale alipotua majani yakaanza kuzomea, sss, sss, na vichwa vikachomoza: watoto, watatu, wana manyoya ya rangi ya chai ya maziwa, wakigombania panya. Mratibu alirudi nyuma hatua mbili. Mimi nilibaki nimesimama. Walikuwa watoto tu, wana njaa.

"Nipe simu," nikasema. Halafu nikakumbuka kwamba ninayo yangu.

Niliandika jina langu na la baba yangu, na kwenye nafasi ya maelezo, ambayo si ya lazima, nikaandika Muheza, Tanga. Nikabonyeza. Simu ya Mratibu ililia kifuani pake, na najua nyingine ililia Jules Street.

Hatujafika garini, yangu ikaita. Nikapokea. Nilisikia redio imezimwa, na kimya cha wanawake wengi.

"Mama Neema," akasema Mama Ilunga. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilisikia mtu nyuma yake anasema kitu, naye akamnyamazisha.

"Iko na batoto?"

"Watatu."

"Eh." Akavuta pumzi. "Banakula?"

"Wanakula, Mama."

Nikasikia kitana kikiwekwa mezani.

"Bon. Kuja nikumalizie kichwa," akasema. "Lakini pitia mulango ya nyuma."

Nilimwambia Mratibu aendeshe upesi. Alikuwa bado amesimama pale gizani na simu yake, machozi yanamtoka, anathibitisha.